Shingo ya Kifungo

Inspekta alifika kwenye ile nyumba saa tatu asubuhi akiwa na vitu viwili: jalada jembamba la kesi na mkoba wa bisibisi. Jalada lilikuwa la serikali. Mkoba ulikuwa wake, na ndio uliompatia lile jina ambalo kituo kizima kililitumia akigeuza tu mgongo: Bisibisi. Feni ya mapokezi ikigoma, anaitwa yeye. Kabati la vielelezo likikataa kufunguka, yeye. Nyumbani kwake hakuna fundi aliyewahi kuvuka kizingiti, na hilo alilitaja kwa majivuno, kama wengine wanavyojisifu kwamba hawajawahi kulazwa hospitali.

Bosi wake alikuwa mtu wa maneno machache. "Saa nane mchana nataka jibu," alimwambia. "Yule fundi ama aende mahakamani, ama aende kwake. Benchi langu si nyumba ya wageni."

Fundi mwenyewe alikuwa kwenye hilo benchi tangu jana jioni. Watu walimwita Fundi Kalamu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mtengenezaji wa friji na mashine za kufulia na za kuoshea vyombo kwenye majengo yote ya upande ule. Alikuwa anatuhumiwa kuiba pete ya dhahabu ya bibi wa miaka sabini na mbili. Inspekta aliongea naye asubuhi na mapema, kabla hata ya chai.

"Ile mashine sikuifungua, afande. Mimi nikifungua mashine naandika."

"Unaandika nini?"

"Tarehe, na kazi niliyofanya. Ndani, pale ambapo mwenye nyumba haoni. Fundi atakayekuja baada yangu ajue nani alitangulia. Nenda kaangalie."

"Na kama siku hiyo ulisahau?"

"Nimewahi kusahau sufuria jikoni mpaka ikatoboka. Nimewahi kusahau viatu vyangu kwa mteja, nikarudi nyumbani na soksi. Kuandika sijawahi kusahau." Kisha akaitazama mikono yake. "Afande, hata nikishinda huko mahakamani, nani atanifungulia mlango? Kazi yangu yote ni kuingia jikoni kwa watu."

Maneno hayo Inspekta alipanda nayo ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

Jiko lilikuwa dogo na safi. Mashine ya kuoshea vyombo ilikaa chini ya kaunta, kushoto mwa sinki, na juu yake palikuwa na mlima wa vyombo vilivyooshwa kwa mkono. Aliyempokea alikuwa mwenye nyumba, mfamasia, kijana wa miaka arobaini aliyeomba ruhusa kazini kwa ajili ya jambo hili na aliyetaka ajulikane kuwa ameomba ruhusa. Mkewe, anayefanya kazi maktaba, alisimama kando akifuta sahani. Mama mzazi wa mwenye nyumba, yule mwenye pete, alikuwa bado chumbani.

"Ilianza lini kuharibika?" Inspekta aliuliza.

"Ijumaa jioni. Ikawa inakwaruza. Ungedhani kuna kijiko kimenaswa ndani."

"Lakini ikaosha?"

"Iliosha, kwa makelele. Jumamosi asubuhi nikamwita fundi. Akaiwasha, akasikiliza, akasema kuna kitu kwenye pampu, atarudi Jumatatu. Nilimwacha humu dakika kumi hivi, nikaenda kupokea simu. Mchana tuko mezani, naona kidole cha mama hakina pete. Namuuliza, anasema aliiweka kwenye kisosi, pale kando ya sinki. Kisosi kipo. Pete haipo."

"Nani aliingia jikoni asubuhi hiyo?"

"Sisi watatu, na fundi."

"Hiyo peke yake haimlazi mtu benchi."

"Ngoja, afande." Mfamasia alipiga goti, akaonyesha bamba la chini ya mlango wa mashine, lile linaloziba miguu yake. Lilishikwa na skrubu mbili, na zote mbili zilikuwa zimechunwa kichwani, chuma kinang'aa upya. "Anaapa hakuifungua. Sasa hizi nani kazichuna? Na Jumamosi hiyohiyo tukirudi jioni naiwasha, haioshi kabisa. Inanguruma, inatoa maji, inazima. Aliifungua, akaiharibu, akadanganya. Mtu ambaye hajaiba anadanganya kwa nini?"

Lilikuwa swali zuri, na Inspekta aliliandika. Kesi nzima ilikuwa imening'inia pale. Ikiwa fundi alifungua, basi ni mwongo, na pete ni yake kuieleza. Ikiwa hakufungua, basi yuko mtu mwingine aliyelala kifudifudi kwenye sakafu hii akahangaika na skrubu mbili, kisha akanyamaza.

"Wewe hukujaribu kuitengeneza mwenyewe?"

Mkewe alicheka puani. "Mwonyeshe afande seti yako."

Mfamasia alifungua droo bila furaha. Seti ya bisibisi ilikuwa mpya, nailoni yake haijachanwa. "Nilitaka kutazama video kwanza," alisema.

"Video kumi na moja," mkewe aliongeza. "Sasa anaweza kuitengeneza kwa mdomo."

Inspekta aliigeuza ile seti, akaona gundi bado imeshika pande zote, akairudisha. Huyu si yeye. "Jumamosi mchana, baada ya chakula, mlikuwa wapi?"

"Mimi na mke wangu tulikwenda kumwona mgonjwa. Tulirudi giza likiingia."

"Na mama?"

"Alibaki. Lakini mama na hiyo mashine hawasalimiani, afande. Huu mwaka wa pili anatuambia ni chombo cha wavivu."

"Nimesikia natajwa," ilisema sauti mlangoni.

Mama aliingia taratibu, ushungi begani, miwani ikining'inia kwa kamba. Inspekta alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, na kabla hajafungua daftari akakuta yeye ndiye anayekaguliwa. Mama alikuwa amekazia macho kifuani pake.

"Mwanangu, hicho kifungo kitakuaga leo. Vua koti."

"Mama, nimekuja kazini."

"Na mimi nimefanya kazi ya kushona makoti miaka arobaini na tatu. Siwezi kuzungumza na mtu huku kifungo chake kinaning'inia. Vua."

Inspekta alivua. Wapo majambazi waliowahi kukataa kumtii, lakini kwa huyu hakuona njia. Mama aliketi kwenye stuli karibu na dirisha, akatoa mfukoni sindano na kibonge cha uzi mweusi uliopakwa nta. Uzi hakuutunga mwenyewe. Alimwita mkwe wake, "Njoo unitungie, macho haya," na mkwe akatunga.

Sahani ikiwekwa kando, Inspekta aliona plasta kwenye kidole cha shahada cha mkwe. Kingo za bamba la chuma, kama alivyojua vizuri, hukata kama wembe.

"Umeumia?"

"Glasi. Jana, nikiosha kwa mkono."

"Iko wapi?"

"Glasi?"

"Ndiyo. Naomba niione."

Mkwe alimtazama mumewe, kisha akafungua pipa la taka, akatoa kifurushi cha gazeti. Ndani palikuwa na glasi iliyopasuka midomoni, ukingo mmoja ukiwa na doa la damu iliyokauka. Inspekta alilinganisha ukingo na plasta, akafunga gazeti. Huyu naye si yeye, au angalau si kwa ushahidi wa kidole. "Kuna jambo lolote la ajabu umeliona kuhusu hii mashine, kabla haijaharibika?"

"La ajabu?" Mkwe alifikiri. "Labda sabuni. Vile vidonge vyake. Pakiti ilikuwa inatutosha mwezi, siku hizi inakwisha wiki ya tatu. Nilimwuliza mume wangu kama anavitafuna."

"Na wewe mama," Inspekta aligeuka, "pete uliivulia hapa?"

"Kwenye kisosi." Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anazungusha uzi chini ya kifungo, mzunguko juu ya mzunguko, akivuta kwa kiganja badala ya vidole. "Aliniachia marehemu mume wangu. Sijawahi kuitoa nje ya nyumba hii."

"Siku ile fundi alipokuwa hapa, ulimwona?"

"Alinisalimia. Ana adabu." Alipitisha sindano katikati ya ule uzi uliojizungusha, mara mbili, akakata kwa meno. "Vaa. Hicho hata ng'ombe akivuta hakitoki."

Inspekta alivaa, akashukuru, akaomba gazeti la kulalia.

Kuna watu wanaoanza kutengeneza mashine kwa kuichukia. Inspekta alianza kwa kuiuliza maswali. Kwanza alichomoa plagi, akafunga koki ya maji iliyo nyuma ya kabati la sinki. Kisha akalala kifudifudi, akaweka tochi mdomoni, akafungua zile skrubu mbili. Ya kulia ilitoka kwa shida. Aliyeifungua kabla yake hakuwa na bisibisi ya saizi yake, alikuwa na kitu chembamba na bapa, na alikisukuma pembeni badala ya kukikandamiza kwa juu. Fundi wa miaka thelathini kazini hachuni skrubu namna hiyo. Lakini hata fundi wa miaka thelathini anaweza kuwa na haraka, kwa hiyo alilihifadhi wazo bila kulisema.

Bamba likatoka. Akaligeuza kwenye mwanga.

Upande wa ndani, kwa wino mweusi usiofutika, paliandikwa: *14 Machi. Nimebadilisha kamba ya mlango. F. Kalamu.* Na mwaka wake, mwaka jana.

"Hiyo ni wakati ule mlango ulipokuwa unadondoka," alisema mkwe, akiinama. "Kumbe huwa anaandika."

Chini ya mstari huo bamba lilikuwa tupu.

"Safari hii hakutaka kuacha alama," alisema mfamasia.

"Inawezekana," Inspekta alikiri, maana iliwezekana. Mwizi mwenye akili haandiki tarehe. Akaingiza tochi chini ya mashine.

Kule ndani kulikuwa na maji. Si mengi, kikombe kimoja na nusu, yametulia kwenye trei ya chini. Katikati ya trei paliinuka boya jeupe la plastiki, dogo, limesukumwa juu na maji. Inspekta alitoa kichwa, akaeleza bila kuulizwa, kwa sababu mambo haya yalimfurahisha.

"Hii ndiyo sababu haioshi. Maji yakivuja chini, lile boya linapanda, linaiambia mashine kuna mafuriko. Mashine inakataa kuingiza maji mengine, inafanya kazi moja tu ya kuyatoa. Haijafa. Imeogopa."

"Maji yanavuja wapi?" mfamasia aliuliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisikika kama mtu anayetaka kujua badala ya mtu anayejua.

"Hilo ndilo swali."

Alirudi chini. Alifuata mpira wa maji machafu kwa mwanga wa tochi, kutoka nyuma, ukipinda, mpaka unapoungana na pampu. Pale ndipo lilipokuwa tone. Lilining'inia, likadondoka, lingine likaanza. Kawaida maungio hayo hushikwa na kibano cha chuma. Kibano hakikuwepo. Mpira ulikuwa umefungwa kwa uzi.

Inspekta alisogeza tochi karibu. Uzi ulikuwa mweusi, wenye nta, umezungushwa mzunguko juu ya mzunguko bila kupandana, umebana, na mwisho wake haukufungwa fundo. Ulikuwa umepitishwa katikati ya mizunguko yenyewe, mara mbili, ukakatwa karibu kabisa. Ilikuwa kazi safi mno kwa mahali pabaya mno. Kwenye koti ingedumu maisha. Kwenye mpira wenye maji yanayosukumwa, uzi ulikuwa umelowa ukalegea.

Alishusha kidevu taratibu, akakitazama kifungo cha tatu cha koti lake.

Alipoinuka alijikung'uta magoti. "Duka la vifaa liko mbali?"

"Ng'ambo tu ya barabara," alisema mfamasia.

"Nahitaji kibano cha mpira wa upana huu." Alimwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. "Nendeni wote wawili, maana mmoja wenu anajua video na mwingine anajua kuchagua. Na msirudi na kikubwa."

Walipoondoka, alijaza birika la maji, akaliwasha kama kwake. Mama alibaki kwenye stuli. Alikuwa ameshika sindano isiyo na uzi.

"Mama," Inspekta alisema, akivuta stuli nyingine, "hii ya chini ya kifungo inaitwaje?"

"Shingo. Koti ni zito, kifungo lazima kiwe na shingo ili kitambaa kipate nafasi."

"Na kila fundi cherehani anaipiga hivi?"

"Wengi wanapiga fundo mwishoni. Wavivu. Mimi nilifundishwa kupitisha sindano katikati." Alijibu kwa fahari ya miaka mingi, na jibu likamaliza kutoka kabla hajalisikia. Kisha akalisikia. Alitazama lile bamba lililolala sakafuni, akatazama kifungo, akavua miwani.

"Umeiona," alisema.

"Nimeiona."

Birika lilianza kuvuma. Mama alikunja mikono mapajani, na Inspekta akaviona vile viungo vya vidole vilivyovimba, alivyokuwa ameviona tangu mwanzo bila kuuliza.

"Vinauma tangu lini?"

"Mwaka wa pili. Maji ya baridi vinauma, maji ya moto vinauma. Sindano navumilia. Vyombo siviwezi." Alivuta pumzi. "Sasa wewe fikiria. Siku wanaleta hii mashine, nilikuwa na wageni sebuleni. Nikamwambia mke wa mwanangu mbele yao wote, mwanamke anayeoshewa vyombo na mashine, mwisho ataogeshwa na mashine. Wageni wakacheka, na yeye akacheka, ana moyo mzuri yule. Halafu baada ya mwezi vidole vikaanza. Ningemwambia nini? Wakienda kazini naiwasha. Wakirudi wanakuta vyombo vimepangwa, wananisifu mikono yangu."

"Na vidonge vya sabuni vinakwisha wiki ya tatu."

Mama karibu atabasamu. "Na vidonge vinakwisha."

"Pete?"

"Inanibana siku nikivimba. Naivua, naiweka kwenye kikombe changu cha chai. Alhamisi nikapanga vyombo, nikatia na kikombe. Sikukumbuka mpaka Jumamosi mezani, mwanangu aliponiuliza. Nikasema kisosi. Ulimi ulitoka wenyewe, maana ningesema kikombe, wangeuliza kikombe kiliingiaje mashinani."

"Wakaenda kumwona mgonjwa."

"Nikachukua mkasi wangu wa zamani, nikafungua hapo chini. Nilivuta ule mpira, kibano kikaruka kule kwenye kabati, maji yakanilowesha, pete hamna. Nikafunga kwa ninachokijua."

Hapo ndipo Inspekta aliposhindwa kujizuia. "Lakini mama, kwa nini chini? Kitu kimeingilia juu."

Mama alimtazama kama mwanafunzi mzito. "Koti mfuko ukitoboka, kitu kinaanguka wapi? Kinateremka kati ya kitambaa na bitana mpaka kwenye pindo. Hakuna fundi anayechana koti kwa mbele kutafuta shilingi. Unafungua pindo la chini."

Inspekta alifikiri juu ya hilo, akaona halina kasoro hata moja, isipokuwa kwamba mashine si koti.

"Jumapili je?" aliuliza kwa sauti ya chini zaidi.

Mama alitazama dirishani. "Jumapili nilikuwa dirishani. Saa kumi, watu wamejaa kibarazani na ngazini. Yule fundi alikuwa anatoka kwa jirani, nikamwona mwanangu anamshika shati. Yule bwana akaweka mfuko wake chini, pole pole, asije akaonekana anataka kupigana. Nikasema nashuka. Nikafika mlangoni." Alifuta macho kwa ncha ya ushungi, bila kuficha. "Sikushuka, mwanangu. Niliona haya ya vyombo. Mtu mzima mimi, nimemwacha mtu alale benchi kwa haya ya vyombo."

Inspekta hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alizima birika, akaitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro.

"Njoo," alisema. "Bosi wangu anataka jibu saa nane. Nikuonyeshe inavyofunguliwa kwa mbele."

Alifungua mlango wa mashine, akavuta trei ya chini ya vyombo, akaiweka pembeni. Sakafuni mwa mashine palikuwa na chujio, duara la plastiki na wavu. Alilizungusha kushoto, likatoka. Chini yake palikuwa na shimo lenye maji machafu, na akayanyonya kwa sponji, akikamua sinkini, mara tano. Mama alisimama nyuma yake akiangaza tochi.

"Mke wa mwanao husafisha hili chujio lini?"

"Kila Ijumaa."

"Basi pete ilikaa juu ya chujio tangu Alhamisi. Ijumaa akalivuta juu bila kuangalia, pete ikatumbukia shimoni. Akarudisha, akawasha, na makelele yakaanza." Alichukua kijiko cha chai kwenye mlima wa vyombo. "Hapa pembeni pana kifuniko kinachokinga pampu. Ona kilivyokaa upande, kimesukumwa. Weka kijiko hapa, inua. Wewe, si mimi."

Mama alipachika kijiko, akainua kwa kiganja. Kifuniko kilitoka na mlio mdogo. Inspekta akasogea, na mama akaingiza vidole viwili vilivyovimba kwenye lile shimo, akakunja uso kwa maumivu, akatafuta. Akatoa kipande cha zamani cha glasi. Akatafuta tena.

Pete ilitoka ikiwa na mikwaruzo pande zote, rangi yake imefifia kwa uchafu. Mama aliisuuza bombani. Haikuingia kidoleni, akaifumba kiganjani.

Sauti za wale wawili zilisikika ngazini kabla hawajafika, mfamasia akisema kibano ni hiki, mkewe akisema mumewe alikuwa anataka kununua kikubwa. Walipoingia wakakuta mama amesimama katikati ya jiko, mkono umenyooshwa, kiganja wazi.

"Niliitia mwenyewe," alisema, kabla hawajauliza. "Mashine naiwasha mimi, kila siku. Skrubu nimechuna mimi kwa mkasi. Fundi hajagusa kitu. Kaa chini wewe nikueleze yote, halafu tunaondoka, maana afande ana saa nane."

Mfamasia alikaa. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua mikono ya mama mkwe wake, akaigeuza huku na huku kama anaisoma. "Mama," alisema, "ungeniambia tu. Na mimi mwenyewe sipendi kuosha."

Saa saba na robo walikuwa mbele ya meza ya mapokezi kituoni. Bosi alisoma karatasi moja, akatia sahihi, akarudi kwenye chai yake. Fundi Kalamu alirudishiwa mkanda, simu na mfuko wake wa vifaa. Mfamasia alimwomba radhi kwa sauti ambayo askari wa pembeni asingeisikia.

"Nimekusikia," fundi alisema. Alifunga mkanda kwa utulivu, tundu kwa tundu. "Mama, shikamoo."

"Sistahili shikamoo yako."

"Shikamoo ni ya umri, mama. Haya mengine ni mengine." Kisha akamgeukia mfamasia. "Ulinitoa pale saa kumi, watu wote wakiwa nje. Mimi naomba kunirudisha iwe saa kumi. Nitasubiri hapahapa. Benchi nimeshalizoea."

Walisubiri. Inspekta angeweza kwenda zake, jalada lilikuwa limefungwa, lakini alikaa nao, kwa kuwa kibano kilikuwa bado hakijafungwa na hapendi kazi nusu.

Saa kumi kamili waliingia kwenye lango la jengo. Kibarazani walikuwepo majirani wale wale wa jana, na wote wakageuka kutazama. Fundi alitangulia, mikono mitupu. Nyuma yake alikuja mama, amebeba mfuko wa vifaa kwa mikono miwili, amekataa kusaidiwa na mwanawe, na pale chini ya ngazi akasimama.

"Huyu bwana hakuiba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuongoza karakana ya watu ishirini. "Pete niliitumbukiza mwenyewe kwenye mashine ya vyombo, nikanyamaza. Mwanangu alimshika shati kwa sababu yangu. Aliyeona jana, leo aone na hili."

Alilirudia ghorofa ya kwanza. Alilirudia ya pili, kwa jirani aliyefungua mlango kusikia vizuri. Kufika ya tatu pumzi ilikuwa imemwishia, lakini mfuko hakuutua.

Jikoni, fundi alilala kwenye gazeti lile lile. Aliuona uzi. "Nani kafunga hivi?" sauti yake ilitoka chini ya mashine.

"Mimi," mama alisema.

"Kazi nzuri sana hii." Alikata uzi, akafunga kibano, akakausha trei mpaka boya likashuka. Inspekta alirudisha plagi na koki. Mashine iliwashwa, ikavuta maji, ikaanza kuosha kwa mvumo laini usio na kukwaruza, na watu watano walisimama wakiisikiliza.

Kisha fundi alichukua lile bamba, akaligeuza, akatoa kalamu yake mfukoni. Chini ya mstari wa mwaka jana aliandika tarehe ya leo na maneno mawili: *Kibano kipya.* Hakulirudisha. Alimnyooshea mama kalamu.

"Kila anayefungua anaandika. Na wewe umefungua."

Mama alivaa miwani. Kalamu ilimsumbua vidoleni, akaishika kwa ngumi kama mtoto wa darasa la kwanza, na aliandika pole pole, akiegemeza bamba kwenye kaunta, wote wakingoja. Alipomaliza alimrudishia. Fundi aliinua bamba kwenye mwanga, na Inspekta akasoma juu ya bega lake: *Jumamosi nilifungua mimi. Fundi hakufungua.*

Fundi alipuliza wino mpaka ukakauka. Akainama, akalirudisha bamba mahali pake, akakaza skrubu mbili.